Swali ambalo sikumuuliza mzee wa boila

Picha ya kwanza ya eksirei ya mzee huyu niliishika mwenyewe. Kisanduku cha taa kilikuwa kimeungua balbu, nikaiinua dirishani, nikaona nilichotarajia kuona: maji upande wa kulia, yamepanda hadi katikati ya pafu. Mzee wa miaka 68, amekonda, ana kikohozi kikavu cha miezi miwili na kichomi kinachomzidi akilalia ubavu huo. Hapa Mwanza, mambo hayo yakikaa pamoja, mkono huandika TB kabla kichwa hakijamaliza kufikiri. Nikaandika.

Mimi ni tabibu katika kituo kimoja cha afya kisicho mbali na ziwa. Mzee amekwishatangulia, na familia yake imeridhia nisimulie, ila nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Makosa mengi yaliyomo humu ni yangu, na sina mpango wa kuyapaka chokaa.

Tulimtoa maji kwa sindano. Yalitoka lita moja na nusu, rangi yake kama chai ya rangi iliyokaa muda. Kipimo cha GeneXpert hakikuona mdudu wa TB. Hilo halikututisha, wala halikupaswa kututisha, kwa sababu maji ya ubavuni huwa na vidudu vichache mno na kipimo hicho huvikosa mara nyingi hata kama TB ipo. Virusi vya UKIMWI hakuwa navyo. Seli zilizoonekana kwa wingi kwenye maji zilikuwa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, ambazo huonekana kwenye TB, na huonekana vilevile kwenye saratani. Tukaanza dozi ya miezi sita.

Wiki ya kwanza alipata nafuu kubwa. Alipanda kilima cha kwake bila kupumzika, akaja kituoni kutuambia. Mtu uliyemtoa lita moja na nusu kifuani lazima apumue vizuri, hata kama hujampa kidonge hata kimoja. Sisi nafuu ya sindano tukaihesabu kuwa nafuu ya dawa, tukaiandika kwenye kadi. Mwezi wa nne maji yakarudi. Tukasema labda anaruka dawa. Mkewe, mama mmoja mtaratibu asiyepoteza neno, akatuletea pakiti zote zilizokwisha, amezifunga kwa uzi mwezi kwa mwezi. Hakuna siku iliyorukwa. Tulitoa maji tena, safari hii yana damu. Na bado tulimwacha amalize dozi.

Aliyekifumbua kisa alikuwa binti wa chuo aliyeletwa kwetu kwa mazoezi. Nilimpa kazi ya kumwandika mzee upya, kazi ambayo sisi wenyeji huiona ya kuchosha. Kwenye kadi, mbele ya neno "kazi", paliandikwa "mkulima". Kwetu kila aliyevuka miaka 60 ni mkulima, isipokuwa amekuja na samaki mkononi, hapo huandikwa mvuvi. Binti akauliza:

"Babu, kabla ya kulima ulikuwa unafanya kazi gani?"

Mzee akakaa wima. "Boila, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa mtu wa boila."

Nilikuwa meza ya pili najaza rejesta. Niliacha kalamu.

Alifanya kazi katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1980. Msimu wa pamba ukiwepo, boila, lile tangi kubwa la kuchemsha maji yawe mvuke, ililishwa pumba usiku na mchana. Msimu ukiisha, ilizimwa, ikaachwa ipoe siku kadhaa, halafu ndiyo kazi yao hasa ilipoanza: kuivua koti. Mabomba ya mvuke na tumbo la boila vilikuwa vimevishwa gamba jeupe nene la kuzuia joto lisipotee. Lilipopasuka, walilibomoa kwa nyundo na patasi, likiwa kavu, ndani ya chumba chenye mlango mmoja.

"Mkitoka humo," alisema, "mnafanana na watu wa mashine ya kusaga."

Kisha walivika koti jipya. Unga ulikuja kwenye magunia. Waliumwaga kwenye pipa lililokatwa nusu, wakatia maji, wakaukoroga kwa koleo mpaka ukakaza kama ugali wa udaga, wakaupaka kwa mikono. Vijana walirushiana mabonge yake. Barakoa hapakuwa na hata moja. Aliyesumbuliwa sana na vumbi alijifunga shati puani. Milango ya tanuru ilizibwa kwa kamba nyeupe laini isiyoungua, na mzee alipobakiwa na kipande alikwenda nacho nyumbani. Mama alikitumia miaka mingi kushikia sufuria ikiwa motoni.

"Ile kamba nzuri sana," mama akadakia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu kituoni kwetu.

Jioni ile nikaitoa picha ya kwanza, nikaiinua tena dirishani, nikaacha kuangalia maji. Nikaangalia upande wa kushoto, upande mzima, ambao sikuwahi kuujali. Kwenye ubavu kulikuwa na madoa meupe yenye kingo kali, kama chokaa iliyobanduka ukutani. Juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ulipita mstari mwembamba mweupe. Ripoti ilisema "makovu ya TB ya zamani". Kovu la TB kwa kawaida huwa upande mmoja, upande ulioumwa. Madoa yenye chokaa kwenye mbavu za pande zote mbili na juu ya kiwambo ni karibu muhuri wa asbesto. Madoa yenyewe si saratani wala hayageuki kuwa saratani. Yanasema tu kwamba nyuzi zilipita hapa, zamani. Muhuri ule ulikuwepo siku ya kwanza, mbele ya macho yangu.

Niseme asbesto ni nini, maana wengi wetu tunaijua kwa jina la bati tu. Ni madini ya mwambani yanayochanuka kuwa nyuzi, kama katani ya mawe. Haziungui, hazilowi zikaoza, haziliwi na kemikali, na ndiyo sababu viwanda viliipenda: bati, mabomba ya maji, breki za magari, koti za boila. Zipo aina kadhaa. Nyeupe ndiyo iliyotumika zaidi duniani. Kahawia na bluu ni nyuzi zilizonyooka kama sindano, na zilipendwa kwenye kazi za joto. Uzi mwembamba usioonekana kwa macho huvutwa hadi chini kabisa ya pafu. Seli za ulinzi hujaribu kuumeza, haziwezi, maana uzi ni mrefu kuliko seli yenyewe. Hapo huanza uvimbe wa ndani usiokoma, miaka nenda miaka rudi, na baadhi ya nyuzi husogea hadi kwenye utando unaofunika pafu. Saratani ya utando huo huitwa mesotelioma. Kwa kawaida huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Mzee alivua koti la kwanza akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Fanya hesabu.

Baadaye nilisoma jambo ambalo nusu lilinifariji, nusu likaniumiza. Ugonjwa huu ulifungamanishwa na asbesto huko Afrika Kusini, na mlango wake ulikuwa huuhuu wa kwetu. Katika miaka ya 1950 daktari wa hospitali ya TB mjini Kimberley, C. A. Sleggs, aligundua kwamba wagonjwa wenye maji kifuani waliotoka upande mmoja wa nchi walipona kwa dawa za TB, na waliotoka magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya bluu, hawakupona. Mwaka 1960, yeye na J. C. Wagner na Paul Marchand walichapisha visa 33 vya mesotelioma. Wagonjwa wengine hawakuwahi kuchimba; walikuwa wamekaa tu jirani na machimbo. TB isiyosikia dawa ndiyo iliyoufichua ugonjwa. Miaka karibu 60 baadaye nilikuwa nayo TB isiyosikia dawa mezani kwangu, na mimi nikawa nahesabu pakiti za mama wa watu.

Tulimpa rufaa kwenda hospitali ya Bugando. Siti skani ilionyesha utando wa pafu la kulia umenenepa pande zote na kuwa na vinundu, umelizunguka pafu kama ganda la chungwa. Wakakata kinyama. Kinyama hiki hakisomwi kwa rangi za kawaida peke yake, kwa sababu mesotelioma hufanana sana na saratani nyingine iliyosambaa hadi kwenye utando. Huhitaji rangi maalumu za kutambua aina ya seli, na hilo huongeza wiki za kusubiri. Jibu lilipokuja lilikuwa mesotelioma.

Kisha kikaja kikao cha familia, na ndicho kilichonifanya niandike. Kila mtu alikuwa na mtuhumiwa wake.

Kaka yake mzee alisema ni sigara. Mzee alivuta kwa miaka thelathini, hilo halina ubishi. Ila sigara haisababishi mesotelioma. Sigara na asbesto hushirikiana kwenye saratani nyingine, ile ya pafu lenyewe, na ushirika wao ni wa kutisha. Marekani walifuatilia maelfu ya wafanyakazi waliovika mabomba koti, watu wa kazi ileile ya mzee wetu, na matokeo ya 1979 yalikuwa hivi: ukimlinganisha na asiyevuta sigara wala kushika asbesto, aliyeshika asbesto tu alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya pafu mara 5 hivi; mvuta sigara tu, mara 11 hivi; mwenye vyote viwili, zaidi ya mara 50. Kwa hiyo mfanyakazi wa zamani anayevuta bado ana sababu nzito ya kuacha leo. Lakini kwa ugonjwa huu wa mzee, sigara naiondoa kwenye kesi.

Mkwe, mume wa binti mkubwa, alisema ni paa. Nyumba ya mzee ilikuwa kota ya zamani, na juu ina bati za asbesto, zile nzito za kijivu zenye mawimbi makubwa. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba asbesto inaua, na hakukosea. Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linasema aina zake zote huleta saratani kwa binadamu: mesotelioma, saratani ya pafu, ya koo la sauti na ya ovari. Sasa kuna "asbesto" na kuna mtu kuivuta. Katika bati la saruji, nyuzi huwa kama asilimia 10 hadi 15, zimeshikwa na saruji, na mara nyingi ni zile nyeupe. Bati zima lililotulia juu ya kenchi hutoa nyuzi chache sana. Koti la boila lilikuwa unga mtupu, na mara nyingi makoti ya aina hiyo yalitumia kahawia au bluu. Watafiti wawili wa Uingereza, Hodgson na Darnton, walipiga hesabu mwaka 2000 wakapata kwamba kwa mesotelioma, nyeupe ikiwa 1, kahawia ni 100 na bluu ni 500. Hakuna anayejua gunia la kiwanda kile lilikuwa na rangi ipi ndani. Lakini miaka kumi na tano ya nyundo kavu kwenye chumba chenye mlango mmoja, pamoja na yale madoa kifuani, inanitosha. Boila ndiyo.

Nilidhani nimeeleweka. Jumamosi iliyofuata mama akanipigia simu.

"Daktari, hawa watoto wanavunja nyumba."

Nilikuta mkwe yuko juu na vibarua wawili, kila mmoja na nyundo. Bati tatu zilikuwa chini, vipandevipande, na wajukuu wanachagua vipande vya kuchorea sakafuni, maana vinaandika kama chaki. Mzee mwenyewe alikuwa chini ya mwembe kwenye kiti chake cha kamba.

"Kaka, shuka kwanza," nikamwambia mkwe.

"Nishuke vipi, daktari, na hii ndiyo iliyomuua mzee?"

"Sijafa bado," mzee akajibu kutoka mwembeni.

Kila mtu alicheka, mkwe akashuka. Kicheko kile kilifanya kazi ambayo maelezo yangu ya kitaalamu yalishindwa.

Paa lililokuwa salama kiasi lilikuwa limegeuzwa kuwa hatari asubuhi moja, tena kwa upendo. Kuvunja, kukata kwa msumeno, kutoboa kwa drili ili kufunga dishi, kusugua ukungu kwa brashi ngumu, hayo ndiyo yanayozifungua nyuzi kutoka kwenye saruji. Tulitoa watoto wote uani. Tukamwagia maji vile vipande na ardhi yake, taratibu kwa kopo la kumwagilia bustani, kwa sababu maji ya nguvu hurusha vumbi. Tuliviokota vikiwa vimelowa, tukavifunga kwenye nailoni ngumu mara mbili na kuziba kwa tepu, tukaandika juu kwa kalamu nene. Hakuna aliyefagia kwa ufagio mkavu. Nguo za vibarua zililoweshwa kabla ya kuvuliwa. Barakoa tulizokuwa nazo zilikuwa za kitambaa, na kwa kweli hazisaidii; kazi hii inataka barakoa ya chembe ndogo kabisa, daraja la P3. Siku ile tulitegemea maji.

Bati zilizobaki juu nilishauri ziachwe, zipakwe rangi ya kuziba bila kusuguliwa, mpaka familia ipate fedha ya kuziondoa inavyotakiwa: bati linafunguliwa skrubu zake, linalowanishwa, linateremshwa zima kwa mikono, linafungwa, na linachukuliwa na mtu mwenye kibali, kwa kuwa kisheria ni taka hatarishi na msimamizi wake ni mamlaka ya taifa ya mazingira. Ziwani hazitupwi. Mto Mirongo hazitupwi. Wala hazijazwi kwenye njia ya tope, jambo ambalo hapa mtaani limefanyika sana. Ukitembea baada ya mvua utaona vile vipande vya mawimbi vinachungulia, na bodaboda zinapita juu yake zikivisaga.

Binti mkubwa wa mzee akauliza kuhusu maji ya mvua wanayokinga kutoka paa hilo. Hapo nilimtuliza. Hatari inayojulikana ni ya kuvuta, na Shirika la Afya Duniani halikuona ushahidi wa kueleweka kwamba nyuzi zinazonywewa kwenye maji huleta madhara, hata halikuweka kiwango cha mwisho kwa maji ya kunywa. Wasiwasi wangu kwa maji yao ulikuwa pipa lisilofunikwa.

Aliyenisumbua akili zaidi ya wote ni mama. Kwa miaka kumi na tano, kila mwisho wa msimu, alipokea ovaroli nyeupe kwa vumbi, akaikung'uta mlangoni, kisha akaifua kwa mikono. London, mwaka 1965, Molly Newhouse na Hilda Thompson walikwishaonyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa mesotelioma wamo ambao kosa lao lilikuwa kuishi na mtu wa asbesto, kufua nguo zake. Nilimweleza mama bila kuzungusha. Nikamweleza pia kwamba hakuna kipimo cha kuikamata mesotelioma mapema kikaokoa maisha, kwa hiyo sitamchosha na eksirei za kila mwezi. Picha moja tulipiga. Haina madoa. Kwenye kadi yake, penye "kazi", nimeandika: alifua nguo za mfanyakazi wa boila, miaka 15. Nikamwambia asikubali kuambiwa ana TB kabla mtu hajasoma mstari huo.

"Sasa ile kamba?" akauliza.

"Bado ipo?"

Ilikuwepo, imeviringishwa juu ya kabati la vyombo. Tuliilowesha, ikaingia kwenye nailoni pamoja na vipande vya bati. Aliitazama ikienda kama mtu anayemuaga mgeni.

Kuhusu fidia sina mengi. Kiwanda kilikufa zamani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya 2008 ukaanza kazi 2015, wakati mzee ana zaidi ya miaka 25 tangu aondoke boilani. Familia haina barua ya ajira. Ina picha moja ya mzee na vijana wenzake saba wamesimama mbele ya tanuru, weupe kuanzia nywele hadi viatu. Mzee alituonyesha kwa kidole waliokwishatangulia. Wanne. Mmoja alikufa kwa "TB", alisema, akaniangalia.

Kwenye matibabu aliamua mwenyewe. Nilimweleza dawa za dripu za saratani: jaribio lililochapishwa 2003 lilionyesha kwamba pemetreksedi ikiongezwa kwenye sisplatini huongeza kama miezi 3 juu ya sisplatini peke yake, na kwamba wengi huishi mwaka hivi baada ya kugundulika.

"Hiyo miezi mitatu nitaikalia wapi, mwanangu? Kitandani kwao au kwenye kiti changu?"

Nikamwambia ukweli, sehemu kubwa ni safari na kitanda. Akachagua kiti. Bugando waliugandisha utando wa pafu kwenye ukuta wa kifua kwa unga wa talki ili maji yasirudi, na hayakurudi. Tulimpa morfini ya maji, tukaipandisha kila maumivu yalipopanda, na mama ndiye aliyepima kwa sirinji, hakukosea hata siku moja. Aliishi miezi tisa.

Wale watatu waliobaki kwenye picha niliwatafuta. Mmoja yuko Sengerema, hajaja. Mmoja alikuja, ana madoa pande zote mbili, hana maji, hana dalili. Ameacha sigara mwezi uleule. Wa tatu aliniambia kwa upole kwamba akitaka kujua atakuja, na kwa sasa hataki.

Rangi ya paa ilipakwa. Kifurushi cha nailoni kipo nyuma ya nyumba, juu ya mawe, kimefunikwa turubai, kinasubiri gari lenye kibali.